Nani Atashika Maiki

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Leo lori la kutoka Arua limeshusha mabaya mawili. La kwanza, filamu isiyo na bunduki hata moja. La pili, kijana aliyevaa tai.

Kijana anaitwa Angelo. Amesoma Ombaci kwa mapadri na anajua Kiingereza. Anakijua kweli! Mama Natalina, mwenye ukumbi wetu wa video hapa Koboko, amemsikiliza akisoma maneno ya nyuma ya kasha la kaseti, kisha akanigeukia. Akasema Jumamosi, siku ya soko, tutatafsiri wote wawili. Filamu ina kaseti mbili. Angelo ya kwanza, mimi ya pili. Watazamaji watachagua nani abaki na maiki.

Miaka miwili nimeishika maiki hiyo! Tangu turudi kutoka ukimbizini Zaire sijawahi kuwa mtu wa maana mahali pengine popote. Sokoni mimi ni Kamisi tu, mume wa mwanamke aitwaye Afisa, anayeuza mandazi. Lakini taa ikizimwa, na sauti ya wazungu ikapunguzwa, mimi ndiye ninayesema nani mwema, nani mbaya, na nani ni steringi, yule ambaye hafi. Watu mia moja hunyamaza kunisikiliza. Hata wanajeshi wastaafu.

Nakuandikia wewe tu, daftari. Kiingereza changu ni maneno arobaini. Nilikiokota kambini, baba alipokuwa mpishi wa askari. Thelathini ni amri za gwaride, mengine ni majina ya vyakula. Mpaka sasa yametosha.

Jumanne, 5 Oktoba

Nimemwambia Mama Natalina kwamba deki ina vumbi, na vumbi la deki husafishwa mlango ukiwa umefungwa. Amekubali. Nikaitazama filamu peke yangu. Ujanja!

Sijaelewa kitu. Wazungu wa zamani wamejaa katika chumba chenye kamera kubwa kama makabati. Wanakimbizana lakini hawapigani. Mama mmoja anapika kuku mbele ya kamera. Kuku anateleza, anaanguka sakafuni, mama anamwokota huku anatabasamu na kuendelea. Mtu mwenye ngazi anapita nyuma yake, anashtuka, anarudi kinyumenyume. Kisha jamaa mwenye masharubu anachomwa kisu. Anakufa. Wanamlilia. Halafu maiti anainuka, anachukua kofia yake, anatoka kwa kunyata!

Nimerudisha mkanda mara tatu. Mara zote tatu anainuka.

Ndipo nikaelewa. Ni jini! Filamu nzima ni ya jini. Kuku naye hakuteleza bure. Mwenye masharubu ndiye steringi, maana hafi. Angelo na tai yake hatagundua kamwe.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimepita kwa Mzee Asumani, sajini mstaafu. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeona televisheni ilipokuwa ngeni, kwenye mesi, bwalo la kambi ya jeshi, miaka ya sitini. Nilitaka tu aniambie kama siku hizo kulikuwa na majini ndani yake. Ameniweka saa mbili.

Akasema zamani kitu kilioneshwa palepale kinapotendeka. Msomaji wa habari akipiga chafya, nchi nzima imemwona, hakuna kufuta. Mwimbaji akisahau wimbo, anasimama hapo anatoka jasho, na ninyi mnatoka jasho pamoja naye. Mzee mwenyewe alikuwa akipiga pasi shati kabla ya kukaa mbele ya televisheni, kwa sababu yule msomaji alimtazama usoni, na adabu ni adabu. Akiagwa, aliitikia. Macho yalimlowa akikumbuka.

"Ile siku, kijana, mutu yote iko nangoja makosa," alisema. "Na makosa ilikuwa nakuja."

Hadithi za wazee. Nimeondoka na faida moja tu: shati la Jumamosi lazima lipigwe pasi.

Alhamisi, 7 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kumaliza sauti ya Angelo. Nimemkaribisha chakula cha mchana. Nikamwambia Afisa atie pilipili kwenye mchuzi bila huruma, ile kali ya Kuluba. Hakuuliza. Akachukua kinu.

Angelo akala. Akaongeza! Akasema kwao, kule Ajia, mama yake hupika hivyohivyo, akamshukuru Afisa kwa maneno mazuri mpaka akafungiwa mandazi sita. Mimi, kwa kuwa mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni ale peke yake, nilikula pia. Machozi. Makamasi. Kwikwi. Sauti imebaki nusu.

Lakini sikukosa yote. Tulipokuwa tunanawa nilimshauri kama kaka mkubwa. Watu wa Koboko wanapenda ukweli, nikamwambia. Usiongeze kitu, sema yale tu yaliyomo. (Watalala wote!) Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema asante, kaka Kamisi, tangu nifike hakuna aliyenipokea namna hii.

Kijana mwenyewe si mbaya. Hilo ndilo linaloudhi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Asali. Tangawizi. Maji ya chumvi. Sauti inarudi kwa kuchechemea.

Mama Natalina amefunga spika ya tarumbeta juu ya paa, ielekee sokoni, watu wasikie na wavutike. Amenieleza pia kwamba swichi ya maiki imekufa, haizimiki tena mpaka uchomoe waya. Amenieleza mara mbili, polepole, kama mtoto. Mimi, wa miaka miwili! Nimeitikia tu ili anyamaze. Nilikuwa nawaza jini.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nitaandika haraka kabla aibu haijapoa.

Ukumbi ulijaa. Wakulima, wachuuzi, Wasudani, mama wenye watoto mgongoni. Shati langu lilinyooka.

Angelo alianza vibaya. Nilifurahi! Watu walipiga kelele wakitaka kujua steringi ni nani. Akawajibu kwa upole kwamba hakuna. Watu wakaguna, moyo wangu ukacheza. Halafu akaeleza. Hii ni televisheni ya kwanza kabisa, akasema, mambo haya yanatokea sasa hivi, nchi nzima inatazama, na hawa hawaruhusiwi kusimama hata wakikosea. Hapo kuku akaanguka. Wanawake ndio waliocheka kwanza, wao wanajua maana ya kuku kuanguka mbele ya wageni. Kisha wote. Mzee Asumani alisimama akampigia saluti yule mama mpishi, machozi yanamtoka. Ushauri wangu mwenyewe ulikuwa unanimaliza!

Kaseti ikaisha. Mama Natalina alipokuwa akitafuta ya pili, nilinyakua maiki, nikajificha nyuma ya pazia ambako Afisa alikuwa akipanga mandazi. Nikampa mpango. Nikianza tu, yeye na dada zake wapige vigelegele na kuita Kamisi, Kamisi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu sijui filamu inasema nini. Sijawahi kujua! Ile vita niliyoitafsiri katika filamu ya mwezi wa saba haikuwa vita, nadhani ilikuwa harusi. Na Mama Natalina hatagundua, masikio yake ni pambo tu.

Afisa hakuwa na haraka. Akasema kumbe ndiyo sababu ya pilipili. Akasema mtu anayemtegea mgeni pilipili kisha akalia yeye ana shida ambayo maiki haiwezi kutibu. Akakumbusha lile dume la bata nililolileta nyumbani kwa kujisifu, tukalingoja litage miezi minne. Nikamjibu kwamba lilikuwa na sura ya jike. Akasema hata mimi nina sura ya mtu mwenye akili.

Nje soko zima lilikuwa linacheka. Nikajiambia, bado wanamcheka kuku.

Pazia likafunguka. Mzee Asumani, wima kama yuko gwarideni.

"Kamisi," alisema, "hii maiki iko nafanya kazi. Sisi nasikia ile bata mpaka barabarani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoka nje ya pazia, macho mia yananitazama, jasho linatiririka, na hakuna kufuta. Mama Natalina, na masikio yake yote mawili, akawauliza watu wanamtaka nani. Hawakuita Angelo. Hawakuniita mimi. Waliita Mama Jale! Mama Jale! Ni Afisa huyo, mama wa binti yetu Jale.

Basi kaseti ya pili ikatafsiriwa hivi: Angelo ananong'ona, Afisa anasema kwa namna yake. Mimi nikakaa benchi la nyuma, mtazamaji kama watazamaji wengine. Niliumia, sitaficha. Maiki ile ilikuwa inanitosha mimi, nami nilikuwa naitosha.

Yule mwenye masharubu akafa. Akainuka. Akachukua kofia, akaanza kunyata. Afisa akangoja kidogo, kisha akasema, "Huyu iko nafikiri hakuna mutu namwona. Kama bwana yangu."

Benchi mbili zilivunjika. Mimi pia nilicheka, kabla sijakumbuka bwana yake ni nani.

Jumapili, 10 Oktoba

Mama Natalina ameamua. Maiki ni ya Afisa na Angelo. Mimi nitakata tiketi mlangoni na kutengeneza benchi.

Afisa ameniletea chai mwenyewe, akaketi karibu, akaniuliza kwa upole kama nimejifunza kitu. Nikamwambia nimejifunza mengi sana. Amefurahi.

Mpango ni huu. Afisa hajui Kiingereza, kwa hiyo anamhitaji Angelo. Nikimfundisha Kiingereza mimi, hatamhitaji tena. Angelo atarudi Arua na tai yake. Halafu Afisa atachoka, maana ana mandazi, ana nyumba, ana mimi. Na maiki itabaki mkononi mwa nani? Kila kitu kimekaa sawa! Somo la kwanza ni kesho saa kumi. Amekubali, hata ameahidi kuja na kalamu yake.

Kulikuwa na shida moja ndogo, kwamba sina cha kumfundisha. Nimeitatua kabla ya chakula cha mchana. Nimemfuata Angelo anapolala, nikamwomba anifundishe mimi kila asubuhi, kwa siri, kaka kwa kaka. Amekubali palepale, na wala hataki chochote. Hajashuku kitu, maskini. Aliuliza tu kwa nini nimekuja na madaftari mawili, moja lenye jina la Afisa.