Ombi la Kukiachia Kiungo Kivuje

Tawa,
9 Septemba 1987

Kwa Bwana Mugo,
Msimamizi wa Karakana ya Kupima Mabomba,
Mtito Andei.

Mheshimiwa Bwana,

Mimi ni mke mpya wa fundi wako Kisilu, yule mwenye macho ambayo bila shaka umeyaona. Tulioana mwezi uliopita na bado naamka nikicheka peke yangu. Naandika kwa heshima kulalamika juu ya kiungo cha bomba.

Kisilu amenieleza vizuri. Kuna mitambo ya nyuklia inayopitisha chumvi iliyoyeyuka kwa joto kali mno, nanyi mnapima kama mabomba yaliyofungwa kwa bolti, bila kuchomelewa, yatavuja. Mnayapasha moto kwenye tanuri, mnayapoza, mnayapasha tena. Sawa. Lakini:

1. Mume wangu hukitazama kiungo hicho zaidi kuliko anavyonitazama mimi, na mimi sijavuja hata siku moja.

2. Siku ya harusi, pasta aliposema alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, Kisilu aliinua mkono akauliza, "Mpaka joto gani?" Nilimpenda zaidi. Shangazi zangu hawakumpenda.

3. Alimwambia mama yake kwamba kiungo bora ni kile kinachofunguka bila kukatwa. Sasa mama mkwe huniita kutoka shambani, majirani wakisikia: "Wewe msichana wa Matinyani, bolti zako bado zimekaza?"

4. Hili ndilo linaloniumiza. Kwetu Matinyani, bibi harusi harudi kwao mpaka mumewe ampeleke, na mbuzi mbele. Safari imevunjika tena na tena kwa sababu kiungo "kinapoa". Baba yangu, Mzee Mbuvi, analiambia soko zima kwamba binti yake Kavata ameolewa na bomba.

Kwa hiyo naomba kiungo kivuje Ijumaa, jaribio liishe naye apate likizo. Kidogo tu. Kikikataa, basi kipelekeni chenyewe Matinyani kikatambulishwe kama mkwe. Mbuzi amenona.

Nisalimie mafundi wote, mpishi wenu, na hata tanuri, nisije nikaitwa mtu asiye na adabu.

Wako mwenye furaha tele na subira haba,
Bi. Kavata Kisilu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kisilu ameingia. Kiungo kimevuja na amepewa likizo. Amekaa mlangoni, hataki chai, hataki hata kushikwa mkono. Siwezi kumpelekea baba uso huo. Tafadhali washa tanuri upya leo hii, Matinyani watangoja. Tena nieleze, Bwana, bolti zile zilikazwa na nani, maana mume wangu hakosei.