Gagulo Langu la Shaba Juu ya Mlango

Kwako Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Kuhifadhi Majengo ya Kale.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wanakamati wenzako, pamoja na yule karani wenu mwenye mafua ambaye kila nikija ananiambia umetoka sasa hivi. Mimi ni dobi, mwenye nyumba ile ya kona inayotazamana na maduka ya vitambaa, na ndiye dada mkubwa wa msanifu majengo mnayemsifu magazetini. Nimemlea tangu mama yetu, Mungu amrehemu, alipotutoka, mdogo wangu akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo ninayoyasema siyasemi kwa chuki. Nayasema kwa sababu mwisho wa mwezi huu Kamati yako inakaa kuligongea jengo lake, yaani nyumba yetu hiyo aliyoijenga upya, muhuri wa kudumu, na muhuri ukishagongwa hata msumari hautang'olewa. Ikifika hapo, mimi kwangu sirudi tena.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mdogo wangu hujenga kwa mtindo ambao, kwa nilivyoelewa mimi niliyeishia darasa la saba, unachukua vitu vya zamani na kuvitania. Nyuma ya nyumba yetu kasimamisha nguzo nene zisizobeba kitu. Zimeishia hewani, dari haijazigusa, utadhani wapagazi waliofika mapema wakaambiwa mzigo bado. Nilimuuliza, "Mwanangu, hizi zinashika nini?" Akanijibu, "Dada, zinashika kumbukumbu." Kumbukumbu za nyumba ile nimezibeba mimi, tena bila saruji.

2. Huko huko nyuma kuna ngazi ya nje, nzuri, ina hata chuma cha kushikilia. Inapanda, inapinda, halafu inagota ukutani. Mama mmoja tunayesali naye, magoti yake mabovu, aliipanda yote akipumzika njiani, akafika juu akaupigia ukuta hodi. Alipiga kwa adabu, kwa muda mrefu. Nilipomlalamikia mdogo wangu, alifurahi mno. Alisema huyo ndiye mtu wa kwanza kuielewa. Rangi ya huko nyuma siisemi. Ni ile ya dawa ya kikohozi ya watoto.

3. Hayo yote niliyameza. Lililonikwama kooni ni gagulo. Kanuni yenu inasema nyuma ya nyumba mtu ajenge apendavyo, ila uso wake ubaki kama ulivyokutwa siku ya kupigwa picha. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, siku hiyo maofisa wenu walinikuta nafua. Kamba yangu ilikuwa imepita juu ya mlango, na katikati ya mashuka ya wateja lilikuwepo gagulo langu mwenyewe, la kuvalia ndani ya gauni, jeupe, lenye lesi pindoni. Niliwaomba, "Wanangu, hebu ningojeni niyaanue." Ofisa wenu mwenye miwani akapiga kelele kama nimeshika waya wa umeme: "Mama, usiguse kitu! Hiyo ndiyo hali halisi!" Basi hali halisi ikapigwa picha, ikachorwa, ikatiwa kwenye jalada. Na mdogo wangu, ambaye hutii sheria pale inapomchekesha, akatii. Alimwita mhunzi, na gagulo langu likatengenezwa upya kwa shaba, na lesi yake, na vibanio vyake viwili, na kamba yake, likatundikwa juu ya mlango barabara nzima ione. Mashuka aliyaacha. Alisema yanapunguza uzito wa wazo.

4. Mimi ni dobi, na dobi ni jina lake. Mvua inanyesha, gagulo liko nje. Jua linawaka, gagulo liko nje. Kabla sijahamia kwa binti yangu, wapita njia walikuwa wakigonga mlango na kuniita, "Mama, anua, mvua hiyo!" Nilipowaambia ni la shaba walinitazama kwa huruma. Mteja wangu wa miaka mingi kahamishia nguo zake kwingine. Alimwambia binti yangu kwamba mtu asiyeanua la kwake ataanuaje la mwenzake.

5. Kiongozi wetu wa ibada, mzee mcha Mungu, njia yake ni hapo hapo. Siku hizi akifika kwangu hufungua mwavuli hata pasipo na wingu, akauinamisha mpaka avuke. Anafanya hivyo kwa heshima, najua. Lakini kila mwavuli ule unapofunguka, mtaa mzima unakumbuka unafunguliwa kwa sababu gani.

6. Siku ya uzinduzi mdogo wangu alishika kipaza sauti akasema, "Kamba hii ndiyo iliyonisomesha." Watu wakapiga makofi. Mimi nikalia, na magazeti yakaandika kwamba nililia kwa furaha. Kumbe aibu! Niliondoka na beseni langu hadi kwa binti yangu, na hadi leo sijasema neno na mdogo wangu. Akipiga simu, binti yangu humwambia niko kwenye maombi. Si uongo. Simu ikilia tu, naanza kuomba. Lakini nyumba ya mkwe si ya kukaa, Ndugu Mwenyekiti. Kijana wa watu anakohoa kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe, na mimi nakula nusu ya sahani nikidai nimeshiba.

Kwa hiyo naomba gagulo liondolewe kabla ya muhuri. Ikishindikana, lijengewe paa, angalau lionekane lina mwenyewe. Na kama mtasema hiyo ni historia haiguswi, basi historia isiwe ya mtu mmoja. Kila mwanakamati alete la mama yake, lisubiwe kwa shaba, litundikwe mbele ya nyumba yake, tukianza na la kwako wewe Mwenyekiti. Nimeulizia, nikaambiwa mama yako yu hai na huanika uani. Mfikishie salamu zangu.

Salamu pia kwa wanakamati wote na familia zao, na yule ofisa mwenye miwani nimemsamehe. Karani anywe vitu vya moto.

Ni mimi mwenye masikitiko na heshima,

Dobi wa nyumba ya kona.

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha binti yangu alipoingia na habari. Yule muuza mkaa wa nyumba ya pili ameweka kiti chini ya gagulo, na wageni wakija anawaambia ni lake! Eti msanifu aliliona kwake akalipenda. Anapigwa picha, anakaa upande, anatabasamu. Mwanamke yule tangu azaliwe hajawahi kumiliki lesi! Basi yote niliyoandika hapo juu yafuteni. Muhuri ugongwe, tena ugongwe kwa nguvu. Gagulo lisuguliwe ling'ae, na kibao kiandikwe kwa herufi kubwa kwamba ni la dada yake msanifu na lesi kaishona mwenyewe. Upande wa kushoto wa kamba naona pana nafasi; nina shuka la kutarizi, mdogo wangu aje kesho alitazame. Aje na gari, narudi kwangu. Na kile kiti msikiondoe. Nitakikalia mimi.