Chui wa Jabal Shams

Habari aliileta Redio, kama kawaida yake, kabla hata hajaufunga mlango wa taksi.

"Theluji imeanguka tena Jabal Shams," akasema. "Abiria wangu wa Nizwa kaniambia. Mlima mzima mweupe, utafikiri umevaa kanzu ya Idi."

"Hiyo mvua ya mawe," akajibu Gavana bila kuinua macho.

"Theluji, Gavana."

"Mvua ya mawe. Nimekaa serikalini miaka thalathini, nnajua tofauti yake."

"Serikalini ulikuwa unapiga mihuri."

"Na barua za mvua ya mawe nimezipiga mihuri pia."

Hapo ni Darsait, Oman, Januari ya 2006, mbele ya duka la chai la Mhindi mmoja wa Kimalbari, jua la alasiri lishapunguza makali. Benchi mbili zinatazamana, na wenyewe ni wanne. Redio ni Musallam, dereva wa taksi ya Ruwi na Matrah, kila abiria anayemshusha anabaki na habari yake. Gavana ni Sleyum, mstaafu, mzaliwa wa Unguja, hajapata kutawala hata kuku lakini akikuomba sukari utadhani anahutubia. Injinia ni Hatem, mwenye gereji hapo hapo nyuma, wazee wake walitokea Tabora, ana Kiswahili cha bara na kucha za grisi. Wa nne ni Saeed, miaka ishirini na saba. Kwa kuwa ndiye mdogo wao, dele la kahawa ni lake. Humimina amesimama, dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na hakai mpaka kila mtu akitikise kikombe chake kuonesha kashatosheka.

Tena hapo kijiweni hakuna anayemwita Saeed. Wanamwita Blanketi.

Simu ya Redio ikalia, ujumbe. Bila hata kuitazama akampa Injinia. "Nisomee."

"Mkeo anasema ulete mkate na maziwa, na jana ulisahau."

Redio anaona mbali, kutoka Darsait anaweza kukusomea jina la meli iliyotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos. Cha karibu ndiyo hakioni, na miwani havai, anasema abiria watamuogopa. Kila ujumbe humpa aliye jirani naye amsomee, na ndiyo maana kijiwe kizima kinajua ndani kwake kuna nini na hakuna nini.

Siku hiyo alikuwapo na mtu wa tano. Mzee mmoja wa kofia ya kijani, bakora kati ya magoti, kapita, kasalimia, kasogezewa nafasi pembeni ya Redio, kapewa kahawa. Hakuna aliyemuuliza katokea wapi. Mgeni anywe kwanza.

Saeed alikuwa anammiminia kikombe cha pili, simu yake ikatetema mfukoni. Akachungulia. Rawya, msichana anayetaka kumposa.

"Ami Ishaq yupo hapo kijiweni kwenu, kaja kukuulizia. Kofia ya kijani, bakora. Hakujui sura, anajua jina tu. Akirudi na neno baya baba hafungui mlango. Nakuomba leo msilete mambo yenu."

Saeed akahisi dele limekuwa zito kama betri ya lori. Anaijua desturi. Kabla nyumba haijapokea posa, mzee wa upande wa msichana huenda anapokaa kijana. Haji na maswali. Anakaa, anakunywa, anasikiliza. Binamu yake Saeed alikosa mke mwaka jana kwa neno moja la kinyozi.

"We Blanketi," Injinia akamgeukia, "theluji yako hiyo inakuita."

Hapo ndipo Saeed alipopata akili. Mzee anamtafuta Saeed. Blanketi si Saeed. Mtu asipotaja jina, mzee atakunywa kahawa yake, ataona Saeed leo hayupo, ataondoka. Miaka miwili anaichukia lakabu ile, leo alitaka kuibusu.

"Nisameheni jamaa," akasema ami Ishaq kwa upole. "Huyu kijana kwa nini mnamwita Blanketi?"

"Habari ndefu hiyo, ami," Saeed akawahi. "Jana mpira mliuona?"

"Habari ndefu na sisi hatuna pa kwenda," akasema Redio, akavua viatu kabisa.

Injinia akajifuta mikono kwenye suruali, dalili mbaya hiyo. "Ami, mwaka juzi huyu Redio alituletea habari kama ya leo. Theluji mpaka magotini. Mimi nina mteja ana kibanda cha mbao kule juu mlimani, akanipa funguo. Tukasema twende wote wanne, siku tatu, tukae kama Wazungu. Moto unawaka, sisi tunatazama theluji dirishani. Nikapakia banshi mbili kwenye pikapu."

"Banshi ndiyo kitu gani?"

"Pikipiki ya matairi manne, ami, hizi wanazochezea vijana mchangani. Moja nikaiacha ilivyo. Ya pili nikang'oa matairi ya mbele, nikafunga mbao mbili za kabati, ncha nimezipinda juu. Ikawa pikipiki ya theluji. Ya kwanza Oman nzima."

"Na ya mwisho," akasema Gavana.

"Kabati la nani?" akauliza ami Ishaq.

"La mke wangu. Lakini hilo halimo kwenye habari."

"Limo," akasema Redio. "Hajar alitundika nguo zake kwenye mlango wa friji mpaka Ramadhani."

Ami Ishaq akanyoosha kikombe. Hakukitikisa. Saeed akamimina cha tatu.

"Na theluji mliikuta?"

"Tuliikuta," Redio akajibu haraka.

"Tulikuta kiasi cha sinia," akasema Gavana. "Sinia moja ya biriani, chini ya mti, kivulini. Tukapanga foleni kuikanyaga. Ilipofika zamu yangu imeshakuwa maji."

"Umekubali sasa kama ni theluji."

"Nimesema sinia, Musallam. Sikusema theluji."

"Sasa huyu," Injinia akamnyooshea Saeed kidole. "Baridi ami ilikuwa ya kukata masikio. Maji ya birika yameganda. Sisi tuna makoti. Mwenzetu kaja na blanketi la mama yake. Yale mazito, ya tabaka mbili, jekundu, mgongoni kachorwa chui mzima meno nje. Kalivaa tangu tunatoka hapa Darsait. Ndani ya gari, hita inawaka, kalivaa. Anakula, kalivaa. Kapanda banshi, kalivaa."

"Mbio?"

"Mbio wapi. Mwendo wa kupeleka bi harusi. Mbuzi walimpita, ami. Mbuzi mmoja mwenye mimba alimpita, akasimama kumngojea."

"Pembeni palikuwa na bonde halina mwisho," Saeed akasema.

"Nani kakuuliza? Mimina kahawa."

Redio kashasimama peku, anaonesha kwa mikono. "Kule juu kuna mama mchunga mbuzi, Bi Shaikha. Katokeza kwenye kona, anaona nini? Chui jekundu linamjia, limekaa wima, linanguruma, linatoa moshi. Yule mama hakukimbia. Akaanza kutupa mawe. Kijiji kizima kikatoka kumsaidia."

"Yakampata?"

"Moja lilimpata chui. La jicho. Tundu lipo mpaka leo."

Gavana akacheka mpaka kofia ikamshuka. Ami Ishaq hakucheka. Aliutazama mkono wa Saeed unavyomimina, akanywa, akanyoosha kikombe tena. Cha nne. Watu wazima huishia cha tatu. Saeed akajisemea moyoni, huyu hanywi kahawa, huyu anaandika.

"Mimi mguu wangu mnauacha," akasema Gavana.

"Usiulete mguu," akasema Injinia.

"Nnauleta. Ami, huyu bwana akanambia Gavana panda, wewe ndiye utakuwa Mwomani wa kwanza kupanda kitu hichi. Nami nimo kwenye picha nyingi za kiserikali, nikaona hii pia yanihusu. Nikapanda nyuma yake. Mashine ikaenda hatua tatu. Mbao zikasimama, sisi tukaendelea."

"Kokoto zile," akasema Injinia. "Mashine ilikuwa ya theluji, haikuwa ya kokoto."

"Kifundo kikavimba kama boga. Pikapu haiwaki, betri imekufa kwa baridi. Hawa wawili wanagombana nani kaharibu safari. Redio kwa theluji ya uongo, Injinia kwa kabati. Miye nipo chini nnawasikiliza. Aliyeninyanyua nani? Huyu chui. Kaniweka nyuma yake kwenye ile banshi nzima, kanifunika blanketi nusu, tukashuka mpaka zahanati."

"Masaa manne," akasema Redio. "Mwendo ule ule wa bi harusi."

"Na Bi Shaikha yupo pale pale njiani," akamalizia Injinia. "Asubuhi kaona chui mwenye kichwa kimoja. Mchana anarudi ana viwili. Yule mama amehama, ami, wallahi amehama."

Sasa Gavana ana ugonjwa mmoja, ule wa miaka thalathini ya mihuri. Hawezi kumaliza habari bila kutaja majina kamili. Akajiweka sawa, akakohoa. "Na zahanati ilipoulizwa nani kamleta mgonjwa, nikaandikisha mwenyewe kwa mkono wangu, nimeletwa na Sa..."

Saeed akamimina kahawa. Haikuingia kikombeni. Iliingia kwenye mkono wa Gavana, ikashuka mpaka kwenye kiwiko.

"Unanichoma, mtoto we."

"Samahani, ami Sleyum. Dele limeteleza."

Akaliweka dele chini, akarudi nyuma ya nguzo ya duka la chai. Gavana akishafuta kiwiko atarudi pale pale alipoachia. Amwandikie nani? Gavana simu hazitaki. Simu ya Injinia ipo kwenye chaji, gereji. Amebaki Redio. Dole gumba likacharaza: "Huyo mzee ni ami yake Rawya. Kaja kuniulizia. Msitaje jina langu Saeed. Badilisheni habari. Nisifuni." Akatuma.

Simu ya Redio ikalia. Na Saeed, roho ishaanza kumtulia, akamuona Redio anafanya anachofanya siku zote. Bila kuitazama, akampa jirani yake.

"Ami, nisomee huo ujumbe. Bila shaka mkate tena."

Ami Ishaq akaishika simu mbali, urefu wa mkono, akakunja uso, akasoma taratibu kama mtu anayesoma hati ya shamba.

"Umetoka kwa Blanketi. Anasema, huyo mzee ni ami yake Rawya. Kaja kuniulizia. Msitaje jina langu Saeed. Badilisheni habari." Akamtazama Redio. "Nisifuni."

Mmalbari alikuwa anakoroga chai ndani, akaacha kukoroga.

Wa kwanza kuzinduka alikuwa Redio. "Ami, huyu kijana anaswali. Swala zote tano. Mara nyingine mpaka sita."

"Kahawa anamimina vizuri sana," akasema Gavana, kiwiko bado kinachuruzika.

"Hajawahi kuua mtu," akasema Injinia.

"Basi," akasema ami Ishaq. "Mwaka huu nimekwenda vijiwe vitatu kuulizia vijana. Vyote nilikaribishwa kwa sifa tupu. Mmoja alisifiwa kuwa ni hodari kuliko baba yake, na mwenye kumsifu alikuwa hamjui huyo baba." Akaielekeza bakora kwenye nguzo. "We Saeed. Toka huko."

Saeed akatoka. Hakujua mikono aiweke wapi bila dele.

"Lile blanketi lilikuwa la nani?"

"La mama yangu, ami. Bi Mahfudha."

"Wenzako wanakucheka siku tatu, watu wazima wanakupiga mawe. Kwa nini hukulivua?"

"Aliniapisha nisilitoe mwilini mpaka nirudi. Nilikuwa na kifua."

"Angejuaje, naye yupo huku Darsait?"

Saeed akafikiri. Akatafuta jibu zuri, hakuliona. "Asingejua, ami."

Ami Ishaq akainamia simu ya Redio, ambayo bado alikuwa nayo, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Alibonyeza, akafuta, akabonyeza tena. Hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa simu ile ina njia ya mkato ya kuandika. Alipomaliza akamrudishia Redio simu yake, akakichukua kikombe, akakitikisa kulia na kushoto, akampa Saeed mkononi.

"Asalaam alaykum," akasema, akashika njia ya kwenda barabarani, bakora inagonga lami.

Simu ya Saeed ikatetema. Vikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili, macho yakakataa kusoma. Mara moja, mara mbili.

"Soma kwa sauti," akasema Redio. "Kwangu kila kitu kinasomwa kwa sauti."

Saeed akasoma. "Alhamisi baada ya alasiri mje nyumbani. Mama yako aje, mwenye mguu aje, dereva aje na miwani. Blanketi mje nalo, watoto walione. Fundi asije."

Gavana akakaa vizuri kwenye benchi, akaanza pale pale kuitunga hotuba ya Alhamisi. Redio kashavaa viatu, anawasha taksi, kapata habari ya kufikisha Ruwi kabla ya magharibi.

Injinia akabaki anawatazama mmoja mmoja. "Mimi nimefanya nini?"

Gavana akainama, akakisugua kifundo.