Malalamiko Dhidi ya Shemeji Aliyeikana Kodi ya So

Kwa Mkuu wa Shule ya Muziki,

Mheshimiwa,

Jumanne, saa tisa na robo alasiri, mwalimu wako wa piano, ambaye ni mdogo wa mke wangu, alitangaza kwamba jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wanafunzi watakaopiga jukwaani Jumamosi. Alitangaza akiwa amesimama ubaoni, kifutio mkononi. Mashahidi ni mimi na mpiga tarumbeta aliyekuwa akingoja zamu yake.

Nina umri wa miaka sitini na miwili, na thelathini na minne kati ya hiyo nimekuwa mwandishi wa habari. Sijawahi kubadilisha nukuu ya mtu. Sijawahi pia kupanda jukwaani, isipokuwa kuuliza swali. Wenzangu saba wa chumba cha habari wamekwisha kualikwa. Naomba basi uzisome hoja hizi kwa utulivu uleule niliotumia kuziandika.

1. Kodi (ya muziki, si ya serikali) ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kitabuni, wimbo wangu unaanzia kodi ya re, unapita kodi ya so, kisha unatua kwenye do. Kila mwanakwaya anaijua njia hiyo. Lakini mpiga piano wa jazi niliyepewa kumnukuu kwa sikio, yaani kuandika kila kodi anayoipiga kwenye rekodi, hakupita kwenye so. Alipita kwenye ra, kile kibonye cheusi kilichobanana kati ya do na re. Katika mzunguko wa sauti zote kumi na mbili, hakuna kibonye kilicho mbali zaidi na so.

2. Nilipouliza nani aliruhusu, mwalimu alijibu: "Shemeji, kodi hizo mbili zote zina fa na ti. Hizo ndizo zinazoutia wimbo hamu ya kurudi nyumbani. Mengine ni nguo tu." Mheshimiwa, mimi na jaji wote tuna pua na masikio, lakini hakuna aliyewahi kuniruhusu nisome hukumu.

3. Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilimsaidia mpiga piano huyo. Mahali pote kumi na moja alipopiga ra, niliandika so, kama mtu anavyomsitiri mwenzake aliyeteleza ulimi. Mwalimu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwandishi mzima! Umeandika alichotakiwa kusema, si alichosema!" Mpiga tarumbeta naye alicheka, ingawa hayakumhusu. Hapo ndipo kifutio kilipofanya kazi.

4. Baya zaidi, mkono wa kushoto wa mpiga piano huyo mara nyingi haupigi kabisa ile sauti ya msingi inayoipa kodi jina. Niliambiwa hiyo ni kazi ya mpiga besi. Nilikagua chumba chote, pamoja na nyuma ya pazia. Mpiga besi hakuwepo.

5. Mafundisho haya sasa yamefika kwangu. Jana mke wangu aliondoa meza yangu ya kuandikia na kuweka cherehani yake hapo. Anasema vyote vina miguu minne na vinatazama dirisha lilelile, kwa hiyo nyumba haitaona tofauti. Barua hii naiandika kwenye ubao wa kupigia pasi.

Naomba so irejeshwe mahali pake. Nakala zote za rekodi hiyo zikusanywe. Mpiga piano, ambaye naarifiwa amekwisha kufariki, achapishe masahihisho. Na jina langu lirudishwe.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa lango anayenifungulia hata nikichelewa, na mpiga tarumbeta, kwa kiasi.

Ndimi, mtiifu kwako na kwa kitabu,
Mwanafunzi wa Jumanne, saa tisa

Nyongeza: Kazi yangu inanilazimu kuthibitisha kabla ya kutuma. Dakika ishirini zilizopita nilimpigia mke wangu njia zote mbili kwenye piano ya nyumbani, akiwa amenipa mgongo anakunja nguo. Kwenye so aliendelea kukunja. Kwenye ra alisimama, shati mkononi. "Hiyo! Hebu rudia hiyo." Nimerudia mara nne, na mara mbili za mwisho hakuna aliyeniomba. Nimesahihisha nukuu zote kumi na moja. Barua naituma hivyohivyo, ili kumbukumbu ziwe kamili. Shemeji nitamkabidhi nakala mpya kesho Ijumaa, saa mbili asubuhi, kabla hajaingia darasani. Orodha ya mwisho inabandikwa saa sita mchana.