Marehemu Niliyembeba Matera

Leo nimeaibika. Tena ugenini, mbele ya watu waliovaa vizuri.

Naandika mwenyewe hapa kwenye grupu kabla Lusajo hajaandika. Ana picha. Amesema ataiweka nikimaliza kula, na mimi nakula polepole sana.

Kwa mliosahau, niko Bari, kusini mwa Italia, nasomea useremala. Tuliletwa watatu na watu wa kanisa. Lusajo wa Tukuyu anasomea umeme. Anitha wa Chimala anasomea kuoka mikate. Mimi ni yuleyule, mtoto wa fundi Benitho wa Ilula.

Mnajua pia kwamba Baba alituacha wakati wa palizi. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa ofisini kwao, zinasubiri muhuri. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Dada Yusta akaniambia nikae nimalize masomo, Baba mwenyewe angetaka hivyo. Siku ya maziko akanishikia simu juu ya kaburi. Nikasikia kwaya. Nikasikia katekista. Nikasikia koleo la kwanza la udongo likigonga mbao, halafu mtandao ukakata. Basi. Mlio huo ndio niliobaki nao. Sikuweka udongo wangu, na tangu siku hiyo sikuwahi kulia vizuri. Nimekuwa mtu wa kukaa na kutazama ukuta.

Ndiyo maana Anitha akasema Jumamosi hii lazima nitoke. Twende Matera, mji wa kale, tukapunge upepo.

Tukapanda treni asubuhi. Jamani, ule mji! Nyumba zimechimbwa kwenye mwamba, moja juu ya nyingine. Paa la huyu ni njia ya yule. Watu wameishi humo tangu zamani ambayo hata mwalimu wetu wa historia angeomba maji ya kunywa kwanza kabla ya kuisimulia. Mimi nikakaa juu ya ukuta nikayatazama yale mawe, nikaiona Iringa. Yale majabali yaliyoning'inia juu ya mji, Baba alivyokuwa akinipandisha juu yake tukishuka mjini kununua misumari. Tukifika juu ananyoosha mkono upande wa Ilula. "Kwetu kule," anasema. Kila mara, utadhani mara iliyopita nilisahau.

Anitha akasoma kibao ukutani. Akasema huku chini magari hayaingii, kila kitu kinabebwa na watu. (Kumbukeni maneno haya. Mimi sikuyakumbuka.)

Tukanunua aiskrimu, tukashuka ngazi za mawe. Kengele ya kanisa ikaanza kugonga. Mara tukawaona.

Wanaume sita, suti nyeusi, tai nyeusi. Mabegani wamebeba sanduku refu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, limefunikwa kitambaa cheusi. Wanashuka polepole, hakuna anayesema neno. Nyuma yao akina mama, magauni meusi mpaka miguuni, wanatazama wanapokanyaga. Mmoja anajifuta macho kwa leso.

Lusajo akavua kofia. Anitha akatoa khanga kwenye begi akajifunga. (Anitha hasafiri bila khanga.) Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mtu aliyekulia kwetu hakutani na jeneza akaendelea kulamba aiskrimu. Tukazitupa kwenye pipa, tukaingia nyuma ya akina mama.

Baada ya hatua kadhaa Lusajo akaninong'oneza, "Mbona hawaimbi?"

"Huku wanalia kimya."

"Na padre je?"

"Anasubiri kanisani."

"Msalaba sasa, hata wa kushika mkononi?"

"Lusajo, heshimu msiba wa watu."

Niseme ukweli, nilitaka uwe msiba. Angeuliza swali moja zaidi ningeanza kufikiri, na sikutaka kufikiri.

(Mimi ni seremala. Nimepiga msasa majeneza tangu darasa la tano. Nilipoona upande mmoja wa sanduku una upana wa mlango, niliwaza tu kwamba marehemu alikuwa na mabega.)

Sasa, waliomjua Baba wanajua. Hakupenda kumwona kijana anafuata jeneza mikono mfukoni. Ananisukuma mgongoni: "Ingia. Mpokee yule." Alinifundisha namna yake. Mguse begani anayetoka, usimwambie maneno mengi. Kanyaga anapokanyaga mwenzako wa mbele. Na yeye mwenyewe alikuwa mfupi, mnakumbuka, jeneza halimfikii begani. Basi anakunja koti lake mara nne, analiweka begani, ndipo anafikia. Watu walikuwa wakimcheka, hata msibani. Hajali. Misiba yote ya Ilula alibeba juu ya lile koti.

Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja mwenye mvi, amebeba upande wa kushoto. Anahema. Kila ngazi inamtetemesha magoti. Na hakuna aliyekuja kumpokea! Nyuma kuna kundi zima linatembea tu na mikono yake.

Nikashindwa. Nikavua koti, nikalikunja mara nne. (Na mimi ni mfupi. Nimerithi.) Nikamgusa mzee begani. Kwa Kiitaliano changu cha darasani nikamwambia, "Mzee, nikusaidie kubeba."

Akanitazama kwa mshangao, halafu macho yake yakajaa shukrani. Akatoka, nikaingia. Nikajua moyoni kwamba huyu ndiye mfiwa.

Marehemu alikuwa mzito. Tena kila tulipokanyaga ngazi, mle ndani kitu kilikuwa kinalia. Ting.

Lusajo alikuwa anatembea pembeni yangu na simu mkononi, ameshanipiga picha. "Umesikia?"

"Rozari," nikamjibu huku nahema.

Ting, ting.

"Hiyo rozari ni ya chuma?"

Nilikuwa Ilula. Nilikuwa nakanyaga anapokanyaga mwenzangu wa mbele, koti begani, na kwa mara ya kwanza tangu palizi nikahisi nipo mahali nilipopaswa kuwa.

Tukafika kwenye kanisa dogo lililochimbwa ndani ya mwamba. Tukalitua sanduku mlangoni, juu ya miguu ya mbao. Watu wakasimama wamelizunguka. Nikasubiri padre, hakutokea. Kaburi sikuliona, nikadhani huku wanazika ndani ya mwamba. Nikasubiri mtu aanze kuweka udongo, hakuna aliyeanza. Nikaona labda wanaona aibu, mtu wa kwanza huwa ni mgumu kupatikana.

Pembeni ya ukuta kulikuwa na mtini, na udongo mkavu kwenye shina lake. Nikachota mkono mmoja. Nikasogea. Nikafumba macho.

Nilikuwa nimepanga kusema neno kwa ajili ya marehemu wao. Likatoka la kwangu.

"Baba, nimechelewa. Pumzika."

Machozi yakaja yote. Nikatupa.

Udongo ukigonga mbao naujua mlio wake. Huu haukuwa ule. Huu ulikuwa kama mtu amepitisha mkono kwenye nyuzi za magitaa yote ya kwaya kwa mpigo. Ukaingia ndani ya kanisa, ukazunguka, ukarudi, ukakaa hewani muda mrefu kabla ya kuisha.

Nikafumbua macho.

Wakati nimeyafumba walikuwa wameondoa kitambaa na kuinua kifuniko. Ndani hakuna mtu. Ndani kuna nyuzi, safu kwa safu, nyembamba, zinang'aa. Na juu yake udongo. Na jani moja la mtini.

Kinanda. Kinanda cha kale, kimeletwa kwa ajili ya tamasha la jioni ile. Wale akina mama ni waimbaji. Suti nyeusi ndiyo sare yao. Yule aliyekuwa anajifuta macho akapiga chafya tatu mfululizo. Ni mafua tu.

Yule mzee wa mvi akaja mpaka mbele yangu. Kumbe kinanda ni chake, yeye ndiye anayekitengeneza na kukipiga. Akaniuliza kwa upole nimefanya nini. Kiitaliano chote kikanikimbia, yakabaki maneno mawili matatu.

"Nilidhani amekufa."

Akakitazama kinanda chake. Akanitazama mimi, udongo mkononi, machozi kidevuni.

"Bado," akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule wa mafua. Halafu kwaya nzima. Halafu Anitha, amejaza khanga mdomoni, mabega yanaruka. Mimi nilitamani mwamba ule unimeze, una nafasi ya kutosha. Lusajo akapiga picha ya pili.

Lakini mzee hakucheka. Jioni watu watakuja, na kinanda kimejaa udongo. Akatoa brashi ndogo laini, akatugawia sisi watatu, akatuonyesha namna ya kupita kati ya nyuzi bila kuzivuta. Tukapiga magoti. Lusajo akamulika kwa simu. Anitha akapuliza vumbi kwa pumzi ya mtu aliyezoea unga. Mimi nilifagia na kufagia, nimeinamisha kichwa, na machozi hayakutaka kusimama. Nikawa nayafuta kwa mkono wa shati ili yasidondokee nyuzi nikaongeza kosa la pili.

Mzee akaniuliza yule niliyemwita ni nani. Alisikia neno baba, na kwao kuna neno linalofanana nalo. Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya simu iliyokatika. Hakunipa pole. Alisogea tu akanipisha nikae kwenye kiti chake cha kupigia kinanda, maana magoti yalikuwa yameshaniuma, akapiga magoti yeye.

Tulipomaliza akagusa sauti moja moja, kuanzia nene mpaka nyembamba. Zote zikaitika. Nadhani sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo, ingawa huenda ni kwa sababu nilikuwa naogopa. Kisha akakusanya udongo wote tuliouchambua, akaufunga kwenye karatasi, akanikabidhi.

"Huu ni wako," akasema. "Mpelekee."

Tumerudi Bari. Nimempigia Dada Yusta, tukaamkiana kamwene kama kawaida, nikamweleza yote. Lusajo akamtumia ile picha ya kwanza. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata tena.

"Hilo koti umelikunja wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mara nne?"

"Ndiyo, Dada."

Basi akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Alicheka mpaka akaanza kulia, na mimi nikaanza, tukalia hivyo simuni, kila mtu kwake.

Sahani yangu imeisha. Lusajo anaiweka hiyo picha sasa hivi. Chekeni kwa adabu. Bado nina udongo.