Kindi wa Kijivu kwenye Sare ya Msiba

Leo nimeaibika mbele ya wafiwa. Tena wafiwa wa Kizungu, kwenye simu ya video, nikiwa nimesimama katikati ya karakana ya nguo huku Kangle, mtaa wa mafundi nguo hapa Guangzhou, China. Nawasimulia mwenyewe kabla dada yangu hajawasimulia, maana yeye hatanionea huruma.

Dada Neema yuko Uingereza, kaskazini kwenye baridi. Miaka minne amekuwa akimuuguza mzee mmoja, Artha, nyumbani kwake. Mzee amefariki wiki iliyopita. Jumapili hii familia itaingia msitu ulio nyuma ya nyumba kumwaga majivu yake. Dada akamweleza mjane, bibi Margareti, kwamba sisi Tanzania tukifiwa huwa tunatengeneza sare. Bibi akaipenda hiyo habari. Akataka wote wavae fulana nyeupe, kifuani picha ya mzee, na chini yake kindi mwekundu, kwa sababu mzee aliwapenda hao wanyama.

"Mdogo wangu yuko Guangzhou," dada akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Kweli ndiyo kazi yangu. Nanunua nguo huku, napeleka Mwanza. Fulana arobaini kwangu ni kitu cha kumaliza chai haijapoa (nilivyodhani).

Jana nikampelekea picha laoban, yaani bosi wa karakana, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Akamtazama mzee, akasikitika. Akamtazama kindi, akakunja uso.

"Huyu mtu amekufa?"

"Amekufa."

"Nyekundu bu hao," akasema. Haifai.

Kwao nyekundu ni ya harusi na mwaka mpya. Nikawaza, mbona hata kwetu ni hivyo hivyo. Ukitokea msibani na nyekundu inayowaka, mashangazi watakusema mpaka tanga lianuliwe. Kwa Kichina changu cha sokoni nikamuuliza rangi gani ina heshima. Akainua kopo la kijivu. Tukatazamana kama wazee wa kanisa waliomaliza kikao kwa amani. Nikamwambia achape.

(Dada sikumuuliza. Nilitaka wapate mshangao mzuri. Niliona nimewasitiri hawa watu wasiojua mambo ya msiba.)

Leo saa kumi alasiri fulana zikawa tayari. Mtu wa mizigo ya ndege alikuwa anazifuata saa kumi na moja. Zikikosa ndege ya leo, Jumapili hazifiki. Nikapiga simu nionyeshe kazi kabla ya kufunga. Kule ilikuwa asubuhi. Dada ameshika simu, bibi Margareti yuko kwenye kiti, nyuma yake watoto wake wawili, watu wazima, wamesimama na vikombe vya chai.

Nikaikunjua fulana moja nikaishikilia kifuani. Nikatabasamu kidogo, kile kitabasamu cha msibani.

Vikombe vya chai vikaganda hewani. Nikadhani mtandao umekwama.

"Mnanipata?"

Bibi akasema neno moja fupi. Dada hakulitafsiri.

"Tumaini," dada akasema, "huyo mnyama mbona wa kijivu?"

"Nyekundu si rangi ya msiba, dada. Hata laoban amesema." Nikamgeuzia kamera. Laoban akawapungia mkono. Akacheka na meno nje. Mungu amsamehe.

Ndipo bibi akaanza kusema, na dada akawa anatafsiri huku ameinamisha uso. Kindi wekundu ndio wenyeji wa msitu ule. Wa kijivu waliletwa kutoka Amerika, wakazaana, wakala chakula cha wenzao, na wana ugonjwa ambao wao hauwadhuru lakini mwekundu akiupata anakufa na vidonda usoni. Mzee alitumia miaka thelathini kuwatega wa kijivu kwa mikono yake ili wale wekundu wapone. (Dada alipofika kwenye "wageni walioletwa wakajaa" alipunguza sauti. Yeye mgeni kule, mimi mgeni huku. Nikajikuta naangalia viatu vyangu.)

"Mwekundu wa mwisho walimwona majira ya baridi ya mwaka juzi," dada akaendelea. Halafu akaacha kutafsiri, akasema ya kwake. "Kila asubuhi mzee alikuwa ananituma dirishani nikamwangalie kama amerudi. Namwambia bado, babu. Hata asubuhi aliyokufa nilimwambia bado."

Na mimi nimemchapia adui yake chini ya kidevu. Mara arobaini. Niliona aibu iliyochanganyika na uchungu, jamani, na mzee mwenyewe sikuwahi hata kumsikia sauti.

Nikamwambia laoban turudie zote. Akaonyesha saa ya ukutani. Fulana nyingine mei you, hana, na rangi inataka muda ikauke. Nikamsihi ajaribu hata kuchapa nyekundu juu ya kijivu. Akajaribu kwenye moja. Ikatoka rangi ya maini yaliyoungua. (Nami, kwa akili zangu timamu, nikaionyesha kwenye kamera.) Kijana mmoja wa bibi akaweka kikombe chini akatoka chumbani.

"Bibi anasema usitume," dada akaniambia. "Watavaa makoti yao."

"Mwambie samahani."

"Nitamwambia. Tumaini, katika miaka yote minne hiki ndicho kitu pekee bibi alichowahi kuniomba." Akakata simu.

Mtu wa mizigo akaja, akaondoka mikono mitupu. Nikakaa juu ya boksi la fulana kama nusu saa hivi, wafanyakazi wananipita bila kuniangalia. Halafu ukaingia ujumbe wa dada: bibi amebadili mawazo, anaomba moja tu, hata ikichelewa. Moyo ukarudi mahali pake. Nikajua amenisamehe. Nikamuuliza haraka ni saizi gani.

"Yoyote," akajibu. "Ni ya kuchoma moto."

Nimemwekea kubwa kuliko zote. Naomba msicheke sasa hivi, subirini Jumatatu, wakishamaliza kumwaga majivu.