Nani Alimmaliza Bersi?

Jumanne, 3 Desemba

Mtoto wangu mchanga, Una, kalala nje kwenye kigari chake kama wachanga wote wa hapa, theluji inamdondokea juu ya kifuniko. Nina nusu saa. Labda pungufu. Jino linatoka.

Habari kubwa! Maktaba imebandika tangazo mlangoni. Ijumaa ya wiki ijayo mhariri anakuja kutoka mji mkuu, Reykjavík, na mwandishi mmoja wa hapa kijijini atasoma mbele yake. Mmoja tu. Dagný kajiandikisha tayari. Dagný jirani yangu, mwenye biskuti aina saba jikoni na watoto wanaojifuta makamasi wenyewe. Katika riwaya yake maiti inapatikana kisimani kwa mchungaji, ukurasa wa kwanza kabisa. Kaniambia mwenyewe dukani, nikiwa na matapishi begani.

Mimi nami ninayo riwaya. Ninaye mpelelezi, mwanamke aliyeachwa, anayekunywa kahawa chungu na asiyelala. Hayo ya kutolala nayaandika kwa ufundi. Ninachokosa ni kidonda cha zamani. Riwaya nzuri ya upelelezi ndivyo inavyokwenda: unafukua maiti ya leo, unatoka na uchungu wa miaka hamsini. Lakini hapa kwetu? Watu wanakufa kwa uzee, au bahari inawachukua. Hakuna aliyewahi kuuliwa. Kijiji kizima hakina hata mmoja! Aibu gani hii.

Una kaamka.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepata! Nimepata! Nimepata!

Leo tulichonga mikate ya Krismasi na mama mkwe wangu, Steinvör. Yeye ndiye mikono yangu yote, maana Hallur wangu yuko melini mpaka mkesha wa Krismasi. Kabla ya kuikaanga, Steinvör anachonga michoro ya majani kwenye kinyunya chembamba kama karatasi, hakosei. Mara redioni wakamtaja mwimbaji aitwaye Bersi. Kisu kikapita mpaka mezani. Mkate vipande viwili! Nikamuuliza Bersi ni nani kwake. Akasema kuna majina hayatajwi karibu na mafuta ya moto. Akazima redio. Redio yangu.

Jioni kaka yake, Oddur, akaja kuchukua sehemu yake ya mikate. Alisimama mlangoni kama kawaida. Hawa wawili wanaishi njia moja, wanapeana samaki, wanapeana mikate, lakini sijawaona wamekaa meza moja tangu niolewe. Nilidhani ni tabia tu. Nikamfuata nje, nikamnong'oneza: Bersi? Uso ukamshuka. Akasema Bersi aliondoka kabla ya Krismasi, yeye Oddur akiwa na miaka kumi na miwili. Baba ndiye aliyemchukua. Akavaa kofia, akaenda.

Baba ndiye aliyemchukua!

Malaika ya mwili yalinisimama kwa furaha. Nikaona haya. Haya yenyewe yalidumu mpaka nepi iliyofuata.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimehoji mashahidi bwawani, kwenye maji ya moto. Hakuna ofisi ya polisi duniani inayolishinda bwawa letu. Mtu kakaa mpaka shingoni, nje barafu, mwilini chupi ya kuogelea. Atakimbilia wapi?

Nimeanza na Máni, polisi wetu. Kasema makosa yaliyotendeka kabla hajazaliwa yako nje ya saa zake za kazi, na nisimrushie maji. Nikahamia kwa Ingveldur, ambaye amekuwepo tangu milima ilipowekwa. Nilipomtaja Bersi tu, akacheka mpaka meno yakasogea. "Bersi! Wee! Kifua kile! Akipita barabarani watu wanatoka majumbani kumtazama. Mweupe, mawimbi mpaka shingoni. Na jeuri! Aliwahi kumwangusha mchungaji mtaroni. Nusu ya bonde hili ni damu yake, binti."

Nusu ya bonde! Niliogelea ukingoni nipumue.

Nyumbani nikafungua rejista ya ukoo kwenye simu, ile tunayoitazama kabla ya kumbusu mtu, asije akawa binamu. Nimemtafuta Bersi kwa watu wa Steinvör, kwa watu wa Ingveldur, bonde lote. Hayumo! Taifa linalojua babu wa babu wa kila mlevi, na mtu mwenye watoto nusu ya bonde hayumo. Kafutwa. Nani mwenye nguvu za kumfuta mtu namna hiyo?

Binti yangu mkubwa, Salka, kauliza kwa nini naruka jikoni. Nimemwambia ni mazoezi. Ana miaka minne, akaruka nami.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimepekua kibanda cha moshi cha Oddur, kile cha marehemu baba yao, mapaja ya kondoo yakining'inia juu yangu kama watazamaji. Oddur alikuwa gatini. Salka nilimweka mlangoni alinde, Una mgongoni.

Ushahidi! Juu ya boriti, kwenye kopo: mkanda wa sufu nyekundu, umefumwa kwa mkono, umeungua kidogo upande mmoja. Mkanda wa shingo. Nimejipima, unanizunguka mara mbili. Marehemu alikuwa na shingo nene ajabu. Nimeutia kwenye mfuko wa uji wa mtoto.

Mlinzi wangu alipewa samaki mkavu, akasema yote. Nilipotoka nikamkuta Oddur kasimama pale, Salka akimweleza kwa mdomo uliojaa kwamba mama anamtafuta mtu mliyemuua. Nilingoja anifokee. Hakufoka. Alitazama mlima. Akamwambia Salka, "Mwambie mama yako afunge mlango, moshi unatoka." Akaenda zake.

Dukani Dagný kanusa nywele zangu, kaniuliza kama siku hizi nalala na hangikjöt, nyama ya moshi. Sikumwambia kitu! Nilimwambia tu kuna kidonda cha zamani, kuna baba, kuna kibanda. Jina sikulitaja. Alilitaja yeye nami nikakohoa.

Jumatano, 11 Desemba

Mambo mawili.

La kwanza. Steinvör alikuja asubuhi, hakuvua viatu. Akatoa aproni yake kwenye msumari wangu wa jikoni. Kasema ameingia dukani kununua maziwa, watu wakanyamaza. Miaka yote hii, hawajawahi kumnyamazia. Kasema: "Ungeniuliza mara moja, Álfrún, na nikikataa ungekubali mara moja. Kilichotokea kibandani nakijua mimi, Oddur anakijua, na baba yuko kaburini. Watatu walitosha." Akaikunja aproni kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo ya maiti. Alimbusu Una utosini. Mimi hakunibusu.

Salka ana homa. Una ana jino. Mashine ya kufulia imegoma na shuka mdomoni. Hallur kapiga simu kutoka baharini, upepo unavuma nyuma yake, swali moja tu: "Umefanya nini tena?" Tena! Nimelia kidogo juu ya viazi. Sina mwingine wa kunishika mkono hapa, na sijui Krismasi itakuwaje bila yule mwanamke.

La pili. Mkutubi kapiga simu. Wamenichagua mimi! Dagný kaachwa! Kijiji kizima kinataka kumsikia Bersi.

Nimeruka. Kisha nikakaa. Kisha nikaruka kidogo tena, polepole, nisimwamshe mtoto.

Nimefanya uamuzi. Kila riwaya ina sura ya mwisho ambapo wahusika wote wanakusanywa mahali pamoja na ukweli unatolewa. Ukweli ukitoka, Steinvör atapona, aproni itarudi. Ni sayansi.

Ijumaa, 13 Desemba

Niliandaa hivi. Steinvör huenda bwawani kila Ijumaa asubuhi. Oddur huenda Alhamisi, makusudi, wasikutane. Nilimwambia Oddur kwamba Alhamisi bwawa linasafishwa, na Ijumaa hii Steinvör haendi. Akaniamini, maskini, akaja leo.

Theluji ilikuwa inaanguka. Salka kapona, yuko shule ya chekechea. Una alilala ukingoni kwenye kigari. Majini: Máni, Ingveldur, Dagný (nani kamwita huyu?), Steinvör upande huu, na Oddur akaingia upande ule, akamwona dada yake, akachelewa kutoka kwa sababu ya baridi. Mitego yangu hii!

Nikasimama na kofia yangu ya sufu kichwani. Nikainua ule mkanda mwekundu. Nikasema Bersi hatanyamazishwa tena, nikamtaka aliyemuua ajitokeze.

Mvuke tu.

Kisha Ingveldur: "Ala! Si mkanda wa yule kondoo dume wa Steinvör?"

Kondoo.

Nilikaa chini. Maji yaliniingia puani. Nani asiyejua kwamba madume yetu tunawapa majina ya wanaume? Babangu alikuwa na dume anaitwa Haraldur! Máni alizama kabisa, mapovu tu yakionekana. Dagný alikuwa anatoa sauti ya birika.

Lakini Steinvör alikuwa anautazama ule mkanda. Ndipo akasema, bila kuangalia mtu. Alimlea kwa chupa, kando ya jiko. Mkanda aliufuma mwenyewe, akiwa na miaka tisa. Ukaja mwaka wa nyasi mbaya, baba akamchukua Bersi kibandani, yeye akaambiwa kauzwa kaskazini. Mkesha wa Krismasi akala. Akaomba aongezewe. Akasema hajawahi kula nyama tamu kama ile. Na Oddur, aliyekuwa anajua, alikuwa amekaa mkabala naye akimtazama anatafuna. Walipofika kwenye kahawa ndipo akamwambia. Alimpiga kaka yake na upawa wa viazi. Tangu siku hiyo hajakaa naye meza moja.

Oddur akasema baba alimkataza. Akasema mkanda aliutoa motoni kwa mkono. Akauinua mkono, kovu lipo, wote tumeliona miaka nenda rudi tukidhani ni la kamba ya nyavu. Akasema kila mwaka anautoa kwenye kopo, anasema atampelekea, anaurudisha.

"Unajua kinachoniuma hasa?" Steinvör akasema. "Si kwamba nilimla. Ni kwamba alikuwa mtamu."

Oddur akasema, kwa sauti ndogo sana kwa mzee mkubwa vile, "Alikuwa mtamu kweli, dada."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye mwenyewe. Alicheka mpaka akashika ukingo, machozi na mvuke pamoja, na Ingveldur akapigapiga maji kama bata. Kisha Steinvör akajipangusa, akamwambia kaka yake, "Sogea huku, zee. Upande wako maji yamepoa."

Akasogea.

Mimi nilimwangalia Una. Alikuwa macho, ananitazama mimi tu, kama hakimu.

Usiku wa maktaba: maiti yangu nilikuwa nimeipoteza, lakini nilisoma. Nilisoma kurasa nilizonazo, mpelelezi anakunywa kahawa, hajalala. Mhariri akauliza aliyeuawa ni nani. Nikasema bado najadiliana na familia. Wakampa Dagný muda uliobaki. Mhariri alisinzia kisimani kwa mchungaji. Mungu ni mwema.

Steinvör na Oddur walikaa meza moja, sahani moja ya mikate kati yao. Steinvör alimchagulia kaka yake ule uliokatika vipande viwili.

Jumapili, 15 Desemba

Aproni imerudi msumarini!

Steinvör kanikalisha na kahawa, kanibusu shavuni, kisha kaniapisha. Nimeapa mkono juu ya kichwa cha Una kwamba sitafukua tena mambo ya kale ya watu. Nimeapa kwa moyo wote. Nimechoka, jamani. Nitaandika kuhusu ufumaji.

Jambo dogo tu. Steinvör alisema baba yao alimpenda Bersi. Hakuwa na nia ya kumchinja. Kuna mtu alimshauri. Nani? Na Ingveldur alivyocheka mapema vile, kabla hajaulizwa. Na aliujua mkanda ule papo hapo, kupitia mvuke mzito. Na nyumba ya kina Ingveldur, nakumbuka Oddur akisema, ndiyo iliyokuwa na dume wa pili kwa uzuri bondeni.

Kesho Ingveldur kanialika kahawa. Nitakwenda na Una. Mbele ya mtoto mchanga watu husahau kufunga mdomo.